Kisanduku Kilichokuwa Kwenye Droo ya Si Shadhli

Lella Wasila, yaani Bibi Wasila, alikuwa mtu wa kushuku tangu hajaota meno, au ndivyo tulivyozoea kusema sisi tuliopanga foleni mbele ya dirisha lake. Ukimpa kitambulisho anakitazama, anakutazama wewe, anakigeuza, kisha anakutazama tena kana kwamba kuzaliwa kwako ilikuwa njama. Mwenye duka akimpimia lozi, anazipima upya nyumbani kwa mizani ya marehemu mamake. Mume aliwahi kuwa naye, miaka miwili hivi. Siku moja bwana huyo alichelewa kurudi kwa dakika arobaini, akahojiwa siku tatu mfululizo, na siku ya nne akapanda gari kwenda kwao Gabes. Mpaka leo hajarudi, na mimi simlaumu.

Lakini tusimwonee mtoto wa watu. Baba yake alikuwa karani wa baladiya, yaani manispaa, hiyohiyo anayofanyia kazi Wasila, naye alikuwa mwenye muhuri. Adhuhuri moja ya joto alimwachia binamu yake ule muhuri akaenda kula, na aliporudi ilikuwa imeshatoka hati ya uzazi ya mtoto ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumzaa. Mzee alifungwa miezi minane. Alipotoka hakukaa tena kwenye mkahawa wowote hapa Sfaksi, alikuwa anapita ukutani kama mwizi, na maneno aliyomwachia bintiye ni machache: muhuri hauazimwi, na mtu mwema ndiye wa kuchungwa kwanza.

Basi Wasila alipopewa muhuri uleule, ufunguo wa kisanduku chake aliuvaa shingoni kwa uzi, akaoga nao na akalala nao kwa miaka thelathini na mmoja. Hati isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia mbegu za maboga, na hati yenye muhuri ikiwa ya uongo, anayekwenda ndani ni mwenye muhuri. Hilo alilijua kuliko alivyoijua Fatiha. Na alikuwa na mtindo wake: muhuri ukikaa upande, hata kwa unywele, anaichana karatasi mbele yako na kuagiza iandikwe nyingine. Foleni ikinung'unika, anachana polepole zaidi.

Aliyekuwa akiziandika hizo karatasi ni Si Shadhli, kwetu Si ni Bwana, meza yake ikitazamana na ya Wasila. Mtu mpole, mrefu, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Intisar anayefundisha mambo ya kompyuta Tunis. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha vidole. Kwenye hati zetu tarehe huandikwa kwa maneno, siku na mwezi na mwaka, hati ya Kiarabu na hati ya Kifaransa, na juu yake utangulizi mrefu usiobadilika tangu enzi za utawala wa Bey. Miaka thelathini na minne Shadhli alikuwa akiyachapa hayo bila kutazama vidole, akipiga soga na watu wa dirishani. Juni ikifika angetimiza thelathini na mitano na kwenda zake nyumbani kwa heshima.

Machale yalianza kumcheza Wasila mwezi wa Novemba. Kwanza ilikuwa chai. Shadhli ndiye aliyekuwa akienda kuleta chai kutoka mkahawa wa jirani kila saa nne, glasi mbili zimejaa hadi mdomoni na lozi zinaelea juu. Ghafla glasi zikawa zinakuja nusu. Akamuuliza, akajibiwa kwamba daktari amemkataza sukari. Wasila moyoni akasema, daktari gani anakataza sukari yangu mimi? Kisha Shadhli akaacha kupeana mikono na watu. Kisha akaacha kumenya machungwa kazini, yeye aliyekuwa akiyamenya kwa ganda moja refu lisilokatika na kulitundika kwenye taa kuwachekesha watoto. Mtu aliyeacha mazoea matatu kwa mwezi mmoja ana jambo, na Wasila hakuhitaji kuambiwa.

Halafu ndipo alipoiona ile droo.

Ilikuwa Jumatatu, watu wamejaa. Wasila aliinua macho kutoka kwenye rejista akamwona Shadhli ameketi wima, mkono wa kulia uko mapajani umetulia tuli, na wa kushoto umezama ndani ya droo iliyofunguliwa robo. Kwenye kioo cha kompyuta maneno yalikuwa yakiandikwa, herufi baada ya herufi, kwa mwendo wa karani hodari. Na kibodi mbele yake haikuguswa na mtu.

 Wasila alishusha macho, akaandika saa na dakika kwenye kikaratasi, akakiingiza kwenye soli ya kiatu.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Aliona waya mwembamba mweusi unaotoka nyuma ya kompyuta ya Shadhli na kuingia ndani ya meza kupitia tundu lililotobolewa. Aliusikia mlio mdogo, tap, kama mtu anayebonyeza kifuniko cha chupa. Utangulizi mzima ulikuwa ukijiandika, na tarehe pia. Jina tu la mtu ndilo Shadhli aliloandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, amejiinamia ili asionekane. Wasila akajiuliza: nani anayeandika hayo mengine? Anaandika akiwa wapi? Na kama leo anaandika utangulizi, kesho si ataandika mtoto? Akamwona baba yake akipita ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameivaa miaka yote.

Adhuhuri moja, Shadhli alipokwenda kuswali, Wasila alikaa kwenye mashine ya Shadhli kupitia hati za asubuhi, kama alivyofanya kila siku. Hakuna hata kosa moja. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, maana tapeli mzuri hakosei. Alipomaliza alibonyeza vile vitufe viwili vya kubadili lugha akairudisha mashine kwenye Kiarabu. Hiyo nayo ilikuwa kanuni yake na kila mtu alikuwa akiijua: mashine ya serikali ilale kwa Kiarabu, isije ikakutwa na mpita njia kwenye Kifaransa akajiandikia jina la kigeni. Ofisi nzima ilikuwa ikimcheka kwa hilo na ofisi nzima ilikuwa ikimtii.

Alasiri hiyo akapata alichokuwa akikitafuta. Mwanamke mmoja alitaka hati ya Kifaransa ya kupeleka Marsei. Mkono wa Shadhli ukazama kwenye droo, tap, na kwenye kioo yakamiminika maherufi ya Kiarabu yasiyo na kichwa wala miguu, neno halisomeki, mstari mzima, mistari miwili. Shadhli alishtuka, akafuta haraka, akamwomba radhi yule mama. Ila Wasila alikuwa ameshanakili nusu yake.

Siku tatu aliyatazama yale maherufi. Aliyasoma kutoka kulia, akayasoma kutoka kushoto, akayahesabu, akajaribu kuyageuza kuwa namba. Yalikuwa ni mafumbo, hana shaka, barua ya siri iliyopotea njia na kutokea kwenye kioo kwa bahati mbaya. Mtu na akili zake, jamani, amekaa jikoni na kalamu anatafuta majasusi ndani ya utangulizi wa hati ya uzazi.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, aliandika barua. Aliandika anachokijua tu: kwamba katika ofisi ya hati kumeonekana kifaa kisichojulikana kilichounganishwa na kompyuta za serikali, kinaandika chenyewe, saa nne na dakika kumi na mbili tarehe fulani, saa nane na dakika thelathini na sita tarehe fulani. Jina la Shadhli hakuliandika, kwa sababu hakuwa na ushahidi wa kumtosha. Na jina lake pia hakuliandika. Ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwake isiyo na sahihi. Aliitumbukiza kwenye sanduku la malalamiko karibu na ngazi, akarudi mezani, na Shadhli akamletea chai, nusu glasi.

Jumatano, mkuu wa baladiya, Si Munji, mtu anayeogopa wilaya kuliko kifo, alipita akisema kwamba kesho saa nne atakuja mkaguzi. Kila mtu awe mahali pake.

Alhamisi Wasila alifika saa moja kamili, ofisi tupu. Alihofia Shadhli asije akawahi na kuficha ushahidi. Ufunguo wa droo ya Shadhli alikuwa nao, wa bandia, tangu mwaka wa pili wa kazi. Msiniulize kwa nini. Akafungua.

Alitarajia kitu cha kutisha. Akakuta kikopo cha bati cha halwa, kile cha bapa, kimetobolewa matundu kumi na mawili, na kila tundu lina kitufe kipana chekundu au cheupe, kikubwa kama kitako cha glasi ya chai. Ndani yake, kimebanwa kwa gundi, kibao cha umeme kidogo kuliko kiberiti, na kutoka humo ule waya mweusi. Wasila alikigeuza, akakitikisa, akakinusa. Kilinuka ufuta wa halwa.

Akakichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Hakikuandika kitu. Badala yake kikajitokeza kwenye kioo kama flashi, na ndani ya hiyo flashi mlikuwa na faili moja la kusomeka. Akalifungua akijua sasa amewakamata.

Nusu ya faili ilikuwa vijineno vifupi vya Kiingereza, ile lugha ya Python ambayo watu wa kompyuta huandikia amri zao, na hiyo Wasila hakuielewa. Lakini katikati ya amri, kila baada ya mistari michache, mlikuwa na mstari unaoanza na alama ya reli, hii #, na baada ya alama hiyo Kiarabu safi cha Si Shadhli. Ilikuwa kama mtu anayeacha vikaratasi ili asisahau. Mashine haiisomi mistari hiyo. Wasila aliisoma.

Wa kwanza ulisema: Intisar anasema kibao hiki hakijui herufi. Kinaiambia kompyuta tu kwamba kitufe cha ngapi kimebonyezwa, kama kibodi, na kompyuta ndiyo inayoamua ni herufi ya lugha gani.

Chini yake: Kumi na mbili Novemba. Kidole cha shahada hakinisikii tena. Nikiandika "bin" kinapiga "bbbbin". Vitufe vikubwa navipata.

Chini yake: Hapa pumzika kidogo kila baada ya herufi. Polepole. Wasila anatazama.

Wasila alihisi masikio yanawaka. Akaendelea.

Wasila ameiacha mashine kwenye Kiarabu tena, nimebonyeza cha Kifaransa yakatoka mashairi ya majini. Tazama lugha kwanza. Usimwambie, atajilaumu.

Akaelewa. Yale maherufi aliyoyakesha nayo siku tatu, yale mafumbo, ni yeye mwenyewe aliyeyatengeneza kwa vidole vyake viwili, kila adhuhuri, kwa kanuni yake.

Na chini kabisa, mbali na amri zote: Muhuri ni wa Wasila. Kila neno nilipitie mara mbili kabla halijafika kwake. Yaliyompata baba yake yasimpate kwa mkono wangu. Wakijua kuhusu mikono watanipeleka kwenye jopo la madaktari na nitatolewa kama mgonjwa. Mungu anifikishe Juni.

Majuto ni mjukuu, lakini wa Wasila alizaliwa hapohapo na meno yake yote. Aliona aibu, aibu ya kumtoa mtu jasho kwenye chumba cha baridi. Nusu glasi ya chai. Mtu alikuwa akivuka barabara na glasi mbili kwa mikono inayotetemeka ili asizimwage, kila siku, na yeye amezihesabu kama kosa. Alifikiria kuifuata barua, lakini barua ilikuwa imeshafika. Alifikiria kukificha kikopo mkobani. Akaona kwamba mkaguzi asipokikuta atasema, haya, kila mtu aandike nimwone, na hapo Shadhli kwisha.

Alikuwa bado amekikodolea macho pale mlango ulipofunguka. Shadhli aliingia, akatazama droo yake iliyo wazi, akautazama ule waya juu ya meza ya Wasila.

"Kaa, Si Shadhli," Wasila alimwambia. "Usiguse kitu. Leo usiseme kitu."

Shadhli alikaa, akaikalia mikono yake.

Mkaguzi aliyeingia saa nne alikuwa kijana wa koti la kijivu, mwenye haraka zake, na Si Munji nyuma yake akitoa jasho. Aliisoma barua kwa sauti, pamoja na saa na dakika. Kisha hakuhitaji kutafuta. Kikopo cha halwa kilikuwa kimekaa juu ya meza ya mwenye muhuri, waya wake umechomekwa mbele ya macho ya watu.

"Hiki cha nani?"

"Changu," alisema Wasila.

Si Munji alishika kiti. Angeambiwa msikiti umehamia Malta angeamini upesi zaidi.

Mkaguzi akauliza kinafanya nini, Wasila akamjibu kwamba kinajifanya kibodi, humwandikia yale maneno yasiyobadilika. Mkaguzi akataka kuona. Wasila akafungua ukurasa mweupe, akanyoosha kidole juu ya kitufe chekundu, kisha akakumbuka. Mashine yake ililala kwa Kiarabu, kama zote. Akabonyeza kwanza vile vitufe viwili vya kubadili lugha, ndipo akabonyeza chekundu. Tap. Na utangulizi wa Kifaransa ukaanza kujiandika, taratibu, herufi ikipumzika kabla ya mwenzake, kwa ule mwendo uliopangwa ili kuyadanganya macho ya Wasila na si ya mtu mwingine yeyote. Aliungoja hadi nukta ya mwisho. Chumba kizima kiliungoja.

"Na kwa nini usiandike kwa mikono kama watu?"

"Inachoka," alisema, akaishusha mikono yake mapajani, mikono mizima isiyo na hata dalili ya kutikisika, ili mkaguzi asije akaiona.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kikopo kikaingia kwenye bahasha. Barua ya onyo ikaingia kwenye jalada la Wasila, jalada lililokuwa halina doa. Kisha akatamka kwamba mtu aliyeunganisha kifaa bila ruhusa hafai kushika muhuri: toka leo yeye ndiye wa kuandika, kwa kibodi ya kawaida, na muhuri uende kwa mwenye miaka mingi ya kazi kati ya waliobaki. Si Munji alinyoosha mkono huku hamtazami usoni.

"Muhuri, Lella Wasila."

Wasila aliuvua ule uzi shingoni. Ulikuwa umemwachia alama nyembamba nyeupe, na uliponaswa kwenye nywele hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ufunguo ukapita mkononi mwa Si Munji, ukafika kwenye meza ya pili, mbele ya Si Shadhli.

Walipobaki wawili, Wasila alihamia kwenye kiti cha kuandikia bila kungoja kuambiwa. Alizungumza akiwa ameitazama kibodi.

"Ile barua niliiandika mimi."

"Najua," alisema Shadhli. "Nani mwingine humu ndani anaandika saa na dakika?"

"Umejua lini?"

"Juzi Jumanne. Si Munji alinionyesha."

Wasila alipiga hesabu. Jumanne alileta chai. Jumatano alileta chai. Akamuuliza, basi kama alijua, kwa nini hakukiondoa kile kikopo.

"Nikiondoe, niandike na nini?" Akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa barua ya kuomba kustaafu kwa ugonjwa, ameiandika nyumbani. "Nilikuja kumpa Si Munji hii leo asubuhi."

Wasila akanyoosha mkono. Alipopewa hakuifungua, aliichana vipande vinne, polepole, kwa ule mtindo wake wa dirishani, akavitia kwenye kikapu.

Dirisha likafunguliwa. Sisi wa foleni hatukujua lolote, tuliona tu kwamba wamebadilishana viti, na kila mmoja akatunga lake. Wa kwanza alikuwa fundi bomba mmoja, anataka hati ya bintiye. Wasila akaandika kila kitu kwa vidole vyake kumi, utangulizi, siku, mwezi, mwaka, jina la mama, akaipeleka meza ya pili mwenyewe. Shadhli akaubonyeza muhuri kwenye wino. Akaushika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, mikono ikagoma, muhuri ukatua ukiwa umelalia ubavu, nusu yake nje ya mstari na ukingo wake umejirudia mara mbili.

Fundi bomba alianza kuguna. Alimjua Wasila, alijua kwamba sasa inachanwa, na foleni ianze upya. Shadhli naye alikuwa ameshaishika karatasi pembeni aichane, macho chini.

Wasila akaichukua. Aliitazama kama alivyowahi kuitazama kila karatasi kwa miaka thelathini na mmoja, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akaipitisha dirishani.

"Umenyooka, Si Shadhli," alisema. "Jiandae na mwingine."

Sote tuliopata watoto majira yale, hadi Juni, tunazo hati hizo nyumbani. Hakuna hata moja ambayo muhuri wake umekaa sawa.